Kompyuta ya Kupakata

Watu wakisikia kwamba nakaa Pangani huniuliza habari za bahari na samaki. Hudhani nakaa Pangani ya Tanga, ule mji wa mlangoni mwa mto ambako Shaaban Robert alipata kuwa karani wa forodha. Nami huwasahihisha: Pangani yangu ni kata ya Mji wa Kibaha, mkoani Pwani, isiyo na bahari wala forodha. Ina mikorosho iliyosalia baina ya viwanja vilivyopimwa, ina nyumba nyingi ambazo hazijaezekwa, na yangu ni mojawapo ya hizo. Naomba ukumbuke jambo hili la nyumba isiyo na paa, msomaji wangu, kwa kuwa litarudi.

Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri. Hiyo ndiyo inayonilisha. Lakini kila Jumamosi ya pili nina kazi nyingine isiyolipa. Huondoka alfajiri kwa bodaboda hadi barabara ya Morogoro, nikapanda daladala hadi Mbezi, kisha Gongo la Mboto, kisha Pugu, kisha Kisarawe mjini, na kutoka hapo gari la kwenda Maneromango. Mbele ya Maneromango kuna kijiji kimoja ambako baba yangu anaishi. Huko hukaa naye hadi Jumapili mchana, yeye akisema na mimi nikiandika.

Baba ni mshairi. Hana kitabu. Ujanani alikuwa akipeleka mashairi gazetini na redioni, mengine yakatoka, mengine yakapotea njiani. Aliyobaki nayo aliyaandika katika madaftari, akayaweka sandukuni, na sanduku akaliweka juu ya udongo. Mchwa hawajui vina wala mizani. Tulipolifungua sanduku lile tulikuta majalada mazuri kabisa, na ndani yake vumbi. Miaka michache baadaye akapatwa na presha ya macho. Sasa anaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu anayepita, basi. Kalamu haimfai tena.

Lililobaki limo kichwani mwake. Humo mna utenzi mrefu alioutunga kuhusu miaka ya 1970, watu walipohamishwa kutoka makazi yao ya kale na kukusanywa katika vijiji vya ujamaa. Si utenzi wa kulaumu wala wa kusifu. Ni utenzi wa majina. Baba anataja kila hame aliyoifahamu, kila kisima na aliyekichimba, kila mwembe na yaliyoamuliwa chini yake. Vingi vya visima hivyo vimefukiwa na pori. Wenye kuyajua majina hayo, kwa hesabu ya baba mwenyewe, wamebaki watatu, na mmoja wao haongei tena. Kwa hiyo nikisema kwamba makala haya yanahusu namna ya kuchagua kompyuta ndogo, naomba usinione kuwa ninapoteza wakati wako. Kompyuta hiyo ilihitajiwa kwa jambo hili.

Ile ya kwanza niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, yenye kiwambo cha inchi kumi na tano na nusu na ushei. Nyumbani ilinifaa sana. Mezani mtu haoni uzito wa kitu. Aprili ya mwaka juzi, masika yakiwa yamepamba, nilikuwa narudi kutoka kwa baba. Jumapili ile alikuwa na nguvu isiyo ya kawaida, tukaandika beti sitini na mbili katika siku mbili. Mapema asubuhi umeme wa betri ulikuwa umekwisha, nikamaliza kuandika kwa jirani mwenye umemejua, na kwa haraka ya kuwahi gari nikaifunika mashine bila kuizima. Karibu na nyumbani bodaboda ikateleza katika matope. Sisi hatukuumia. Mkoba ukaanguka chini ya bega langu, na bega langu juu yake.

Fundi wa Maili Moja aliiwasha tukasikia mlio: tak, tak, tak. Akanieleza kwamba ndani ya diski za aina ile mna sahani inayozunguka kwa kasi na sindano inayopita juu yake bila kuigusa. Mashine ikianguka sahani ikiwa inazunguka, sindano huweza kuikwaruza sahani, na pale penye mkwaruzo hapasomeki tena. Nikamwuliza kama atapata hata faili moja. Akatikisa kichwa. Flashi yangu ya kuhifadhia nakala nilikuwa nimeiacha nyumbani. Kosa hilo ni langu, wala sitafuti wa kulibeba.

Safari iliyofuata nilimwambia baba. Hakukasirika. Akasema, "Basi, mwanangu, tutarudia." Tukarudia. Lakini mtu akirudia utenzi alioutunga zamani, hasomi. Anatunga upya juu ya mifupa ileile. Beti nyingine zilirudi vilevile. Nyingine zilirudi na kina kingine, na kina kikibadilika hubadilika na neno lililokuwa limekibeba. Nyingine hazikurudi. Palikuwa na kisima kimoja nilichokikumbuka kwamba kilikuwa na jina la mwanamke. Nikamtajia. Akanyamaza kwa muda mrefu, akasema, "Kilikuwa nalo, ndiyo." Jina halikuja.

Ndipo nilipoanza kutafuta kompyuta kwa dhati.

Rafiki zangu waliniuliza: kwa nini usirekodi kwa simu? Narekodi. Kila kikao nakirekodi, na ningewashauri wote wenye wazee nyumbani wafanye hivyo leo kabla ya kesho. Lakini rekodi peke yake haitoshi kwa kazi ya ushairi. Baba hutaka asomewe alichokwisha kusema, ubeti kwa ubeti, na hapo ndipo husahihisha. Hunisimamisha katikati ya mshororo: "Hapo umekula mizani moja." Ni lazima niwe na maandishi mbele yangu, niyabadilishe papo hapo, nirudi nyuma beti thelathini nikahakikishe kwamba jina la hame halikuandikwa kwa namna mbili.

Kuandika kwenye simu nako nilikujaribu. Mbali na vidole kuuma, kuna mambo mawili yaliyonishinda. La kwanza ni kile kiherehere cha simu cha kusahihisha watu. Mimi naandika "kama", yenyewe inaandika "karma". Unaweza kukizima, lakini kwanza lazima kikuharibie ubeti ndipo ukumbuke kukizima. La pili ni upana. Mbali na utenzi, baba anayo mashairi ya mizani kumi na sita kwa mshororo. Kwenye kiwambo cha simu mshororo huo haukai katika mstari mmoja. Unakatwa popote, mara nyingi katikati ya utao, nusu neno likashuka chini. Jicho likizoea kuona shairi limekatwakatwa hivyo, sikio nalo huanza kusikia vibaya. Nilitaka kiwambo kinachoweza kubeba ukwapi na utao bila kuvunja, kwa herufi kubwa za kutosha kusomeka kwa mwanga wa taa ya mafuta.

Na daftari? Daftari nalipenda. Lakini nimekwisha kusimulia habari za mchwa.

Basi nikaanza na uzito. Jirani yangu mwenye duka ana mizani ya kupimia sukari. Nikamwomba aniwekee juu yake maiti ya kompyuta yangu pamoja na chaja na waya wake. Mizani ikasema kilo tatu na robo. Akacheka: "Umekuwa ukibeba mchele wa familia." Nami sikuwa nimepata kuipima katika miaka yote sita ya kuibeba. Huo ukawa ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetafuta kompyuta ya safari: usipime mashine peke yake. Pima kila kitu kitakachoingia mkobani, kwa kuwa bega halitenganishi chaja na kompyuta.

Hali hii ya kubeba ina historia yake. Mwaka 1981 ilitoka kompyuta iitwayo Osborne 1, iliyouzwa kuwa ni ya kubebeka. Ilikuwa na uzito wa kilo kama kumi na moja, kiwambo cha inchi tano, na haikuwa na betri. Mtu aliibeba kama cherehani, na alikofika alitafuta soketi. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ikatoa Eee PC, yenye kiwambo cha inchi saba na uzito usiofika kilo moja. Vijikompyuta vya namna ile vilienea sana kwa miaka michache, kisha vikafifia. Vishikwambi na simu kubwa vikachukua nafasi yake. Kati ya mizigo ile miwili, wa kilo kumi na moja na wa chini ya kilo moja, kila msafiri hutafuta mahali pake.

Mimi kwanza niliteleza upande wa udogo. Nilikwenda Kariakoo na laki mbili na nusu, nikarudi na kitu cha kupendeza, chembamba, cha inchi kumi na moja na nusu, kilichokwisha kutumika ng'ambo. Muuzaji aliniapia kwamba betri hukaa saa nane. Nilipofika kwa baba na kukaa mkekani, betri ilikaa saa moja na dakika arobaini. Nafasi ya kuhifadhia ilikuwa ndogo mno, nayo imegandishwa katika ubao mkuu wa mashine, haiwezi kubadilishwa wala kuongezwa. Vibonye vilikuwa vimebanana hata kidole kimoja kikabonyeza viwili. Niliporudi dukani niliambiwa kwamba betri ya kitu kilichotumika haina dhamana. Sikuwa na karatasi ya kunitetea. Nikamwuzia mwanafunzi mmoja kwa laki moja na sabini, nikamweleza kila aibu ya mashine ile kabla hajatoa fedha yake.

Elfu themanini zile zilikuwa ada. Nilichojifunza nakiandika hapa kwa ajili ya wenzangu wanaozunguka na madaftari na mashairi ya watu.

Betri haisemwi kwa saa. Husemwa kwa wati-saa. Saa ni ahadi ya muuzaji, wati-saa ni kipimo. Betri yenye wati-saa 40 ikiendesha mashine inayokula wati 8 itakaa saa tano. Ikiendesha mashine inayokula wati 20 itakaa saa mbili. Kwa hiyo kuna maswali mawili: betri ina kiasi gani, na mashine ina ulafi gani. Tena betri huzeeka. Katika kompyuta yenye Windows unaweza kufungua dirisha la amri ukaandika powercfg /batteryreport, nayo itakutengenezea ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliosalia sasa. Fanya hivyo ukiwa bado umesimama dukani. Muuzaji mwema hatakasirika. Akikasirika, umekwisha kupata jibu.

Diski iwe ile isiyo na sahani inayozunguka, inayoitwa SSD. Nayo hufa, hakuna kisichokufa, lakini haifi kwa kuanguka katika matope ya Pangani kirahisi kama ile nyingine. Kumbukumbu ya kufanyia kazi isipungue gigabaiti 8 kama utafungua kamusi, faili na kivinjari kwa pamoja. Kibodi ijaribu kwa kuandika ubeti mzima unaoujua kwa moyo, si kwa kubonyezabonyeza. Mimi niliandika ubeti uleule katika kila duka, nikahesabu makosa. Andika pia neno lenye ng', kama ng'ombe au ng'ombo, uone kama kile kiritimba cha alama juu kiko mahali ambapo kidole chako kinafika bila kutafuta. Sisi Waswahili tunakitumia kuliko watu wengi.

Na usisahau umri wa kichakataji. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa kompyuta zenye Intel, Windows 11 kwa jumla hudai kizazi cha nane au zaidi. Kizazi husomeka katika jina: i5-8250U ni cha nane, i5-6300U ni cha sita. Mashine nyingi ndogo, imara, zinazouzwa kwa bei nafuu katika maduka yetu ni za kizazi cha sita na cha saba. Zinauzwa nafuu kwa sababu hiyo, na si kila muuzaji atakuambia.

Hapo nilikabiliwa na njia panda. Mpya yenye sifa zote hizo ilikuwa nje kabisa ya uwezo wangu. Iliyotumika ya kizazi cha nane ilinizidi kidogo. Iliyotumika ya kizazi cha saba ningeimudu. Nikaamua kuchukua hiyo ya mwisho na kuiwekea Linux, mfumo usiouzwa. Uamuzi huo ulinikumbusha jambo ambalo vijana wengi wa lugha hawalijui: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Watu walikaa, wakabishana namna ya kuliita kila jambo lililomo kwenye menyu. Mimi wakati ule nilikuwa kijana, nikaitumia kwa fahari wiki mbili, kisha nikarudi kwenye Kiingereza kwa uvivu. Leo natumia LibreOffice, iliyo ndugu wa programu ile, yenye kikagua tahajia cha Kiswahili. Hukagua kwa mapungufu, na majina ya mahame ya baba yote huyapigia mstari mwekundu. Sikuyafuta. Kila nikithibitisha jina kwa baba naliongeza katika kamusi ya mashine, na ule mstari mwekundu unatoweka. Sasa kuna kamusi moja duniani inayoyatambua majina hayo, nayo imo mkobani mwangu.

Mashine niliyoichagua ni ThinkPad X270, iliyotoka mwaka 2017, yenye kiwambo cha inchi kumi na mbili na nusu. Sikuichagua kwa uzuri. Ni nyeusi, butu, haina madaha. Niliichagua kwa kuwa ina betri mbili: moja ndani, nyingine nyuma, na ile ya nyuma huchomolewa na kuchomekwa nyingine bila kuzima kitu. Niliyoikuta ilikuwa na wati-saa 19 zilizosalia ndani na 37 nyuma. Jumla 56. Kiwambo kikipunguzwa mwanga, mashine hula wati kama 7 nikiwa naandika tu. Gawanya mwenyewe. Tena ina tundu la USB-C, kwa hiyo huchajiwa hata na benki ya umeme yenye nguvu ya kutosha. Juu ya mizani ya sukari, pamoja na chaja, ilisoma kilo moja na gramu mia nane. Bei ilikuwa laki nne na themanini.

Sasa lile jambo la paa.

Mke wangu ndiye mweka hazina wa nyumba yetu, na mahesabu yake hayana ushairi. Bati moja ni elfu thelathini. Nilipomtajia bei alinyamaza kidogo, akasema, "Bati kumi na sita." Hakusema zaidi. Masika yalikuwa mbele yetu. Tulikuwa tumepanga nyumba ya mtu, na kila mwezi kodi ilikuwa ikikata kipande cha nyumba yetu wenyewe. Nilijaribu kumweleza kwamba kompyuta itaniletea kazi, kwamba nitatafsiri safarini, na hayo ni kweli. Tangu treni ya reli mpya ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 nimekwisha kuhariri ripoti mbili kati ya Pugu na Dodoma, mashine ikiwa juu ya kimeza cha kiti. Lakini sikuwa mkweli kamili, naye alijua. Kazi ya kulipwa ningeweza kuifanya kwa kompyuta yoyote nzito juu ya meza yoyote. Wepesi nilikuwa nanunua kwa ajili ya baba.

Akaniuliza, "Mzee amebakisha beti ngapi?"

Nikamwambia sijui. Naye hajui.

"Na bati zitakuwapo mwakani?"

"Zitakuwapo."

Akatoa fedha. Sikumshukuru vya kutosha siku ile, na naandika hapa kwa kuwa yeye husoma ninayoyaandika, ijapokuwa hujifanya hasomi. Masika yale tuliendelea kulipa kodi, na tofali za juu za nyumba yetu zikaota ukungu wa kijani. Hadi leo nikipita pale naziona.

Safari ya kwanza na mashine mpya nilifika jioni. Baba alikuwa kibarazani. Nikaketi karibu naye, nikaweka mashine mapajani, nikaanza kuandika tarehe. Akageuza uso kuelekea sauti ya vibonye.

"Ile nyingine ilikuwa na kelele. Hiki ni kitu gani?"

"Kompyuta, baba. Ndogo. Wanaiita kompyuta mpakato."

"Mpakato." Akalionja neno. "Kutoka kupakata?"

"Kutoka kupakata."

Sisi tulio katika shughuli za lugha tumekwisha kubishana sana juu ya jina la chombo hiki. Wenzetu wa Kenya wana tarakilishi kwa kompyuta yoyote, na kipakatalishi kwa hii ya mapajani. Tanzania tuna kompyuta mpakato, na mitaani tuna laptopu, na kwa mafundi wengi ni mashine tu. Kila jina lina watetezi wake. Mimi nilikuwa nimelitumia neno mpakato mara elfu katika tafsiri bila kulitazama. Nililichukulia kuwa neno la ofisini. Baba, ambaye hajaiona kompyuta hata moja kwa macho yenye nuru, ndiye aliyelirudisha nyumbani kwao.

"Kinachopakatwa ni mtoto," akasema. "Mzigo hubebwa, hutwikwa, huchukuliwa. Mtoto ndiye hupakatwa. Aliyekipa jina hilo alimwona mtu amekaa nacho, hakumwona anakwenda nacho."

Nilitaka kumpinga, kwa kuwa nilikuwa nimekitafuta kwa sababu ya kwenda nacho. Kisha nikafikiri. Saa tano za njiani hukaa mkobani kimezimwa, hakina tofauti na tofali. Kinapoanza kuwa na faida ni pale ninapoketi. Uzito wake ulinipa shida njiani, lakini sababu ya kukibeba ilikuwa hapa mkekani. Tangu siku ile sijapata taabu tena kulichagua neno. Naandika mpakato, na anayetaka kubadilisha nampelekea hoja ya baba.

Halafu ukazuka ugomvi mwingine, nao haujaisha. Baba alilipima neno kwa vidole: "Ko-m-pyu-ta m-pa-ka-to. Mizani nane. Kipande kamili." Nikamwambia, la, baba, m ile ya kompyuta imeshikana na p, haisimami peke yake kama m ya mpakato, ko-mpyu-ta ni mizani tatu, jumla saba. Akasema mimi nahesabu kwa jicho, yeye kwa sikio. Nikamwambia hata sikio langu linasikia saba. Akasema basi sikio langu limeharibiwa na shule. Nawaachia mafundi wa arudhi waamue. Lakini wakiamua saba, barua ya kumjulisha baba waandike wenyewe.

Usiku ule, kabla ya kurudi kwenye utenzi, akanitaka niandike ubeti mmoja uliomjia. Nauweka hapa kwa ruhusa yake:

Wana niliwapakata, katika ujana wangu,
Mikono haikusita, sikuyaona machungu,
Nuru sasa natafuta, imefichwa na ukungu,
Nawe leo wapakata, yaliyo moyoni mwangu.

Nilimsomea. Hakusahihisha chochote. Akaniambia nisiuweke ndani ya utenzi, kwa kuwa si mahali pake.

Tangu wakati huo sijakosa utaratibu. Kila kikao kikiisha, kabla sijanyanyuka mkekani, nanakili faili kwenye flashi mbili. Moja hubaki kwa dada yangu pale kijijini, imefungwa ndani ya kopo la maziwa lililokauka. Nyingine huja nami, si mkobani bali mfukoni mwa shati, ili mkoba na shati visipotee kwa ajali moja isipokuwa ajali yenyewe iwe imenichukua na mimi. Nikifika Kisarawe mjini penye mtandao mzuri najitumia faili kwa barua pepe. Na kila beti hamsini zikitimia nazichapa kwenye duka la vifaa vya ofisi pale Maili Moja, karatasi za kawaida, nazibana na kuziweka juu ya kabati, mbali na udongo. Baada ya masomo mawili, la mchwa na la matope, simwamini mlinzi mmoja.

Katika beti sitini na mbili zilizopotea tumepata hamsini na moja. Nimeziwekea alama zile zilizorudi na sura nyingine, ili atakayesoma baadaye ajue kwamba hapa palikuwa na ubeti wa kwanza. Kumi na moja hazijarudi, na jina la kisima cha yule mwanamke halimo. Nimewauliza wazee wengine wawili. Yule anayeongea alisema anakikumbuka kisima, maji yake yalikuwa matamu, lakini watu wa kwao walikiita kwa jina lingine. Nimeliandika hilo lingine. Baba alipolisikia akasema silo.

Nyumba ya Pangani imeezekwa upande mmoja. Mwezi ujao, kazi moja ya tafsiri ikilipwa, tutanunua bati za upande wa pili. Utenzi umefika beti mia mbili na kumi na moja, na baba anasema sasa ndipo watu wanaanza kufunga mizigo. Jumamosi tunaanzia hapo. Betri zote mbili nimekwisha kuzichaji.